Tumbo linavimba, watu wanasema kanseri: kumbe inaweza kuwa TB

Katika vijiji vya Boga, kusini mwa teritwari ya Irumu, habari ya tumbo linalovimba pole pole si ngeni. Mtu anaanza kukonda, nguo zinakuwa kubwa mwilini. Jioni anapata homa, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Tumbo linauma, kisha linajaa. Miezi inapita. Jirani mmoja anasema ni minyoo, mwingine anasema amelishwa sumu, ile wengine wanaita karuho. Siku anapofika hospitali na ekografi inaonyesha uvimbe au maji tumboni, neno moja linatoka na nyumba nzima inanyamaza: kanseri.

Mara nyingine neno hilo ni la kweli. Mara nyingine si kweli. Kuna ugonjwa ambao unaweza kufanana na kanseri ya tumbo karibu katika kila kitu: kukonda, uvimbe, maji, hata picha ya skana. Ugonjwa huo ni kifua kikuu cha tumbo, yaani TB iliyoingia ndani ya utumbo, ndani ya utando unaofunika matumbo, au ndani ya tezi za tumbo. Tofauti kati ya magonjwa haya mawili ni kubwa sana. TB inapona kwa vidonge, kwa kawaida katika miezi 6, na katika inchi yetu dawa zake zinatolewa bure. Mgonjwa wa TB anayerudishwa nyumbani kwa kudhaniwa ana kanseri anaweza kufa kwa ugonjwa ambao ungetibiwa kwenye kituo cha afya cha karibu.

Ndiyo sababu inafaa kila jamaa ijue namna ugonjwa huu unavyotafutwa, na maswali gani ya kumuuliza muganga kabla ya kukata tamaa, na kabla ya kuuza ng'ombe au shamba.

Jina lenyewe linadanganya

Shida ya kwanza iko kwenye jina. Kwa Kiswahili tunasema "kifua kikuu", na watu wengi wanaelewa kwamba bila kikohozi hakuna TB. Si hivyo. Mdudu wa TB, ambaye Mjerumani Robert Koch alimtangaza tarehe 24 Machi 1882, anapenda mapafu, lakini anaweza kukaa karibu popote: kwenye tezi za shingo, mgongo, ubongo, figo, na tumbo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, OMS, kati ya wagonjwa wa TB wanaoandikishwa duniani kila mwaka, karibu mmoja kati ya sita ana TB iliyo nje ya mapafu. Ya tumbo ni sehemu ndogo tu ya hiyo, lakini inchi ambayo ina TB nyingi inapata pia TB ya tumbo. Kongo iko kwenye orodha ya OMS ya inchi 30 zinazobeba mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu duniani.

Mdudu anafikaje tumboni? Njia ni nne. Ya kwanza, mtu mwenye TB ya mapafu anameza makohozi yake, na wadudu wanashuka hadi utumboni. Ya pili, wadudu wanasafiri ndani ya damu kutoka pafu lililougua, hata zamani sana, na wanalala tumboni mpaka siku mwili unapodhoofika. Ya tatu, ugonjwa unaenea kutoka kiungo cha jirani, kwa mfano mirija ya uzazi ya mwanamke. Ya nne ni maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa, na hiyo ni habari inayogusa moja kwa moja wafugaji wa bonde la Semliki. Tutairudia chini.

Muhimu kujua: wagonjwa wengi wa TB ya tumbo hawakohoi kabisa, na picha ya mapafu yao ni safi. Mwaka 2013 madaktari wa hospitali ya Bugando, mjini Mwanza, Tanzania, walichapisha habari za wagonjwa 118 ambao utumbo wao uliziba kwa sababu ya TB. Umri wa katikati ulikuwa miaka 26 tu, na karibu wawili kati ya watatu hawakuonekana na TB mahali pengine mwilini. Kwa hiyo, makohozi kukosa wadudu, au radiografi ya kifua kuwa nzuri, havitoshi kusema "hapa hakuna TB".

Juu ya nini inafanana na kanseri?

TB ikiingia tumboni inafanya mambo matatu, na kila moja lina pacha wake kwenye kanseri.

La kwanza ni uvimbe. TB inapenda sana mahali utumbo mdogo unapoungana na utumbo mkubwa, upande wa kuume chini ya kitovu. Ukuta wa utumbo unakuwa mnene, unapata vidonda, njia inakuwa nyembamba. Muganga akigusa anakuta kitu kigumu. Kanseri ya utumbo mkubwa nayo inaweza kutokea hapo hapo. Kwenye skana vyote viwili vinaonekana kama ukuta mnene na tezi zilizovimba pembeni.

La pili ni maji. TB ikishika utando unaofunika matumbo, tumbo linajaa maji. Kanseri ya ini, ya tumbo la chakula, na kwa wanawake kanseri ya ovari, zinaleta maji vile vile. Hapa kuna mtego mkubwa kwa wanawake. Kuna kipimo cha damu kinachoitwa CA-125, ambacho kinapanda mtu akiwa na kanseri ya ovari. Lakini kinapanda pia, na sana, mtu akiwa na TB ya utando wa tumbo. Mwanamke kijana mwenye tumbo lililojaa maji, CA-125 iliyo juu na uvimbe karibu na kizazi anaweza kupasuliwa na kuondolewa ovari na kizazi, kisha baadaye kipande kikisomwa kinaonyesha TB. Katika vitabu vya udaktari mifano ya aina hiyo ni mingi, kutoka inchi tajiri na maskini. Mwanamke anapona TB, lakini kuzaa kumekwisha. Kwa hiyo CA-125 peke yake haimhukumu mtu.

La tatu ni tezi. Ndani ya tumbo kuna tezi nyingi, na TB inazivimbisha mpaka zinashikana kama fundo. Kanseri ya tezi, ile madaktari wanaita limfoma, inafanya vile vile, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda.

Hata macho ya daktari mpasuaji yanaweza kudanganyika. Akifungua tumbo anaona punje nyeupe zimetawanyika kila mahali kwenye utando. Kanseri iliyosambaa ina sura hiyo hiyo. Bila kuchukua kipande na kukipeleka labo, hata yeye hawezi kusema kwa hakika.

Alama zinazoelekeza upande mmoja au mwingine

Hakuna alama moja inayotosha. Lakini zikiwekwa pamoja zinaelekeza.

Zinazoelekeza kwenye TB: umri mdogo, sana sana kati ya miaka 15 na 45, homa ya jioni na jasho la usiku kwa wiki nyingi, mtu wa nyumbani aliyekuwa na TB, mgonjwa mwenyewe kuwahi kutibiwa TB au kuacha dawa katikati, virusi vya UKIMWI, kisukari, kuishi kwa kubanana, kama kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, gereza, au nyumba moja ya watu wengi, kunywa maziwa mabichi.

Zinazoelekeza kwenye kanseri: umri mkubwa, damu ndani ya choo, manjano ya macho yanayozidi, uvimbe unaokua bila homa, ugonjwa wa ini wa miaka mingi, kama vile hepatiti B, ndugu wa karibu waliokuwa na kanseri hiyo hiyo.

Lakini tahadhari. Mzee anaweza kupata TB, kijana anaweza kupata kanseri, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Alama zinamsaidia muganga kuchagua aanze kupima nini. Haziwezi kuchukua nafasi ya kipimo.

Upimaji, hatua kwa hatua

*Kwenye kituo cha afya.* Kazi inaanza na maswali na mikono ya muganga, na hapo hakuna mashine. Mgonjwa aeleze yote: homa ilianza lini, amepunguza kilo ngapi, nani nyumbani anakohoa, anakunywa maziwa gani. Hata kama hakohoi sana, makohozi yapimwe ikiwa yanapatikana. Ikipatikana TB kwenye makohozi, na tumbo nalo linaumwa, njia imekuwa fupi sana. Tezi za shingo ziguswe: tezi iliyovimba shingoni inaweza kuchomwa sindano na kutoa jibu ambalo lingehitaji kupasua tumbo. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kifanywe kwa kila mtu. Mwenye virusi hivyo ana hatari zaidi ya TB iliyo nje ya mapafu, na kwa mgonjwa aliyedhoofika kuna kipimo cha mkojo kinachoweza kuonyesha TB iliyoenea mwilini.

Kwa watoto wadogo, ambao hawajui kutema makohozi, choo kinaweza kupimwa kwa mashine ya GeneXpert, kwa sababu mtoto anameza makohozi yake.

*Kwenye hospitali kuu ya rufaa.* Hapa inaongezwa ekografi. Ni mashine isiyoumiza, na inaonyesha maji, tezi zilizovimba, ukuta mnene wa utumbo, na alama kwenye ini na bandama. Ekografi inaonyesha kwamba kuna kitu. Haisemi kitu hicho kinaitwa nani. Karatasi ya ekografi iliyoandikwa "masi ya tumbo" au "inaonekana kama kanseri" ni mwanzo wa kutafuta, si hukumu.

Ikiwa kuna maji tumboni, yanatolewa kwa sindano na kupimwa. Hiki ni kipimo cha bei ndogo chenye faida kubwa, na kinafaa kifanywe kwa kila tumbo lililojaa maji bila sababu iliyo wazi. Maji ya TB mara nyingi yana rangi ya manjano kama majani makavu, yana protini nyingi, na chembe nyeupe za aina ya limfosaiti ndizo nyingi. Kwenye labo ndogo fundi anaweza kufanya kipimo cha Rivalta: anadondosha tone la maji ya tumbo ndani ya glasi ya maji yenye asidi ya siki kidogo. Tone likishuka likiacha wingu kama moshi, maana yake protini ni nyingi, na sababu yaweza kuwa TB, kanseri au maambukizi mengine. Tone likiyeyuka bila wingu, mawazo yanakwenda zaidi kwenye ini lililoharibika, moyo au figo. Mahali penye labo kubwa kuna kipimo kingine, ADA, ambacho kikiwa juu kwenye maji hayo kinaelekeza kwa nguvu kwenye TB. Chembe za kanseri nazo zinatafutwa ndani ya maji hayo hayo.

Hapa kuna kosa linalotokea mara nyingi. Maji yanatazamwa kwa darubini, hakuna mdudu wa TB anayeonekana, na familia inaambiwa "si TB". Ukweli ni kwamba ndani ya maji ya tumbo wadudu ni wachache mno, na darubini inawakosa karibu kila mara. GeneXpert, ambayo OMS iliikubali mwaka 2010, inaona vizuri zaidi, lakini nayo inakosa wagonjwa wengi wa tumbo. Ikisema TB ipo, iaminiwe. Ikisema haipo, utafutaji uendelee. Kuotesha wadudu kwenye labo ni bora zaidi, lakini kunaweza kuchukua wiki 6 hadi 8, na si labo nyingi zinazofanya kazi hiyo.

*Bunia, Nyankunde au mbali zaidi.* Kama bado hakuna jibu, dawa ya mashaka ni kipande. Daktari anachukua kipande kidogo cha mahali palipougua: kwa kamera inayopita njia ya haja kubwa hadi kwenye utumbo mkubwa, kwa kamera inayoingizwa kwenye tundu dogo la tumbo, au kwa kupasua kidogo pale ambapo kamera hazipo. Kwenye kipande cha TB mtaalamu anaona vifundo vya chembe, vinavyoitwa granuloma, mara nyingi vikiwa na katikati iliyokufa kama jibini. Kwenye kipande cha kanseri anaona chembe za kanseri zenyewe.

Wataalamu wa kusoma vipande ni wachache mashariki mwa Kongo. Kipande kinaweza kusafiri, na jibu likakawia. Kwa sababu hiyo mambo mawili madogo yana maana kubwa. Kwanza, kipande kikigawanywa, sehemu moja iwekwe ndani ya formoli kwa ajili ya kusomwa, na nyingine iwekwe ndani ya maji safi ya chumvi kwa ajili ya GeneXpert na kuotesha. Formoli inaua wadudu. Kipande chote kikiingizwa humo, nafasi ya kuwaotesha imepotea. Pili, karatasi inayosindikiza kipande iandikwe "tafuta kanseri na TB". Msomaji wa kipande ambaye hakuambiwa anaweza kutafuta kimoja tu.

Jibu likikosekana kabisa

Inatokea kwamba vipimo vyote vimefanywa na hakuna hakika, au mgonjwa hana nguvu ya kusafiri. Hapo muganga anaweza kuamua kuanzisha dawa za TB na kumfuatilia mgonjwa kwa karibu. Hii ni njia inayokubalika pale alama zinapoelekeza kwenye TB, lakini ina masharti.

Sharti la kwanza, lengo liandikwe mapema: tarehe gani mgonjwa atapimwa tena, kilo zake za leo, kipimo cha tumbo kwa meta ya fundi cherehani, homa yake. Ikiwa ni TB, kwa kawaida ndani ya wiki chache homa inashuka, hamu ya chakula inarudi, kilo zinapanda, maji yanapungua. Sharti la pili, kama baada ya miezi 2 hakuna mabadiliko, au hali inazidi kuwa mbaya, isisemwe tu "tuendelee". Mgonjwa apelekwe mbele: inaweza kuwa kanseri, limfoma, au TB isiyosikia dawa za kawaida. Muda unaopotea kwa dawa zisizo zake ni muda ambao kanseri inakua.

Dawa za kupunguza uvimbe za jamii ya kortizoni, kama prednizoloni au deksametazoni, zisitolewe ovyo katika kipindi cha kutafuta. Zinamfanya mgonjwa ajisikie vizuri kwa siku chache, wakati TB inasambaa chini kwa chini. Na zinaweza kuficha limfoma.

Wengine wanaovaa nguo hiyo hiyo

Ituri ina magonjwa mengine yanayofanya tumbo kuvimba, na muganga mzuri hayasahau. Kando ya Ziwa Albert kuna bilharzia ya utumbo. Ikikaa miaka inaharibu ini, bandama linakuwa kubwa, tumbo linajaa maji, mgonjwa anatapika damu. Mtu aliyekulia Kasenyi au Tchomia aulizwe kuhusu kuoga na kuvua ziwani. Amiba inaweza kufanya uvimbe wa utumbo mahali pale pale penye TB, na inapona kwa dawa yake. Hepatiti B inaleta kanseri ya ini.

Kwa watoto kuna limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958, akiwaona watoto wenye uvimbe wa taya na wa tumbo. Inapatikana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi. Alama yake kubwa ni mwendo: uvimbe unakua kwa siku na wiki, si kwa miezi. Mtoto ambaye tumbo au taya linakua haraka namna hiyo asianzishiwe dawa za TB "kwa kujaribu". Apelekwe upesi, kwa maana limfoma hii nayo inaweza kupona ikiwahiwa.

Matibabu: miezi 6 bila kuruka

TB ya tumbo inatibiwa kwa dawa zile zile za mapafu: miezi 2 ya dawa nne ndani ya kidonge kimoja, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Zinatolewa bure kwenye vituo vya programu ya taifa ya kupambana na kifua kikuu, PNLT. Kinachoweza kulipiwa ni safari, ekografi, skana, na operesheni ikihitajika. Familia iulize mapema ni kitu gani cha bure na kitu gani cha kulipa.

Mkojo kuwa na rangi ya chungwa si ugonjwa, ni dawa. Lakini macho kuwa ya manjano, kuona ukungu, au kutapika kusikokoma ni sababu ya kurudi kwa muganga siku hiyo hiyo.

Operesheni haihitajiki kwa wengi. Inahitajika utumbo ukiziba au ukitoboka. Alama zake: tumbo kuwa gumu na kuuma sana, kutapika kila kitu, kutopitisha choo wala hewa. Hilo linaweza kutokea hata mgonjwa akiwa katikati ya dawa, kwa sababu kidonda kinapopona kinavuta utumbo na kuufanya mwembamba. Haimaanishi dawa zimeshindwa, lakini ni haraka ya kwenda hospitali, usiku au mchana.

Mgonjwa wa TB ya tumbo peke yake, ambaye mapafu yake ni safi, haambukizi wengine kwa sahani, kikombe au kulala pamoja. Hakuna sababu ya kumtenga. Lakini watu wa nyumbani wapimwe, kwa sababu anaweza kuwa ameipata kwa mtu anayekohoa humo humo ndani.

Vita inavunja vidonge katikati

Miezi 6 ni mirefu kwa watu wanaokimbia. Mwisho wa Mei 2021 Boga na Tchabi zilishambuliwa, na zaidi ya watu 50 waliuawa. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Juni, hospitali ya Boga iliporwa na sehemu ya majengo yake ikachomwa. Wakaaji walitawanyika. Katika hali kama hiyo mgonjwa wa TB anakimbia bila vidonge, na dawa zinazokatwa katikati zinaweza kuzaa TB sugu, ambayo ni ngumu zaidi kuitibu.

Mgonjwa anaweza kujilinda kidogo. Kadi yake ya TB ikae pamoja na kadi ya mchaguzi na vitu ambavyo mtu hukamata kwanza anapokimbia. Mtu mmoja wa familia ajue jina la dawa na tarehe zilianza lini. Mahali popote anapofika, iwe Bunia, Gety, Oicha au ng'ambo ya Semliki nchini Uganda, aende kwenye kituo cha afya cha kwanza na kusema: "Niko kwenye dawa za TB, nilifikia mwezi huu." Dawa ni zile zile, na kadi hiyo inamfungulia mlango.

Maziwa: jambo la kufanya leo

Ng'ombe nao wana TB yao, inayosababishwa na mdudu wa karibu sana na wa binadamu, na anaingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi. Akinywewa, mahali pa kwanza anapofika ni koo na utumbo. Mwaka 2017 mashirika ya kimataifa ya afya ya watu na ya mifugo yalitoa pamoja mpango wa kupambana na TB hiyo. Kwa sheferi ya Bahema-Boga, mahali ng'ombe ni mali na maziwa ni chakula cha kila siku, habari hiyo si ya mbali.

Kinga yake haina gharama kubwa: maziwa yachemshwe mpaka yatokote, ndipo yanywewe au yagandishwe. Kugandisha maziwa mabichi kwenye kibuyu hakuui mdudu huyo kwa uhakika. Na mgonjwa aliyezoea maziwa mabichi amwambie muganga wazi wazi, kwa sababu mdudu wa ng'ombe kwa kawaida hasikii pirazinamidi, moja kati ya zile dawa nne, na muganga anaweza kubadilisha urefu wa matibabu.

Maswali matano ya kwenda nayo

Familia ikiambiwa "ni kanseri ya tumbo", si utovu wa heshima kumuuliza muganga: Je, kipande kimechukuliwa na kusomwa? Maji ya tumbo yamepimwa, na yamekutwa na nini? GeneXpert imefanywa kwenye makohozi, maji au kipande? Kipimo cha virusi vya UKIMWI kimefanywa? Kama hakuna hakika, hatua inayofuata ni gani na tarehe gani?

Ikiwa majibu yanaonyesha kwamba ni kanseri kweli, familia inajua inapambana na nini, na inaweza kupanga pesa, safari na kutuliza maumivu ya ndugu yao. Ikiwa hakuna kilichopimwa bado zaidi ya ekografi, basi kesi haijafungwa. Na wale waliokuwa wameanza kumtafuta jirani wa kumshitaki kwa sumu wangoje kwanza. Mara nyingi jibu liko kwenye chupa ndogo ya labo, na mwenye hatia ni mdudu asiyeonekana kwa macho, ambaye vidonge vya miezi 6 vinamshinda.